Somo: Skana ya mishipa ya mapafu kabla ya "kuchomwa moyo"

Wengi wanaoniandikia hapa Bukavu wana mgonjwa anayejiandaa kusafiri kwenda "kuchomwa moyo" (ablesheni): daktari anapitisha mrija kwenye mshipa hadi moyoni, anachoma sehemu ndogo zinazovuruga mapigo. Ugonjwa wenyewe ni ule ambao vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma damu, na mapigo yanakosa mpangilio (kwa Kiingereza, atrial fibrillation). Mimi nashinda chumba cha skana, kwa hiyo mtanivumilia nikikaa sana kwenye hatua ya nne.

Hatua ya 1: Mapigo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, uhesabu dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Moyo wa namna hii utakudanganya.

Hatua ya 2: Elektro (ECG), yaani mchoro wa umeme wa moyo. Ipigwe wakati moyo unasumbua. Ukifika umeshatulia, karatasi inaweza kutoka safi na ugonjwa bado upo. Karatasi hizo hufifia, basi ipige picha kwa simu siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Homa ya baridi yabisi ya utotoni huharibu vilango vya moyo. Kilango kati ya vyumba viwili vya kushoto (mitrali) kikiwa kimebana sana, chenyewe ndicho cha kushughulikiwa kwanza, na dawa ya kuzuia damu kuganda inakuwa warfarini, si zile mpya.

Hatua ya 4: Skana yenye dawa ya rangi. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba cheche zinazoanzisha ugonjwa huu mara nyingi zinatoka ndani ya mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni. Kwa wagonjwa 45 waliochunguzwa, asilimia 94 ya vyanzo vilikuwa humo. Ndiyo maana daktari hachomi moyo wote: anazungushia kovu midomo ya mishipa hiyo, kwa joto au kwa puto la baridi kali, cheche zisipite.

Sasa, vitabu vinachora mishipa minne, miwili kila upande. Miili haikusoma vitabu. Kuna watu ambao miwili ya kushoto inaungana kabla ya kuingia moyoni, kama njia mbili za mtaa wetu wa Kadutu zinazokutana kabla ya sokoni. Wengine wana wa tatu upande wa kulia, mwembamba, unaotoka sehemu ya kati ya pafu. Mdomo mpana wa mishipa iliyoungana, puto linaweza lisiuzibe vizuri. Ule mwembamba nao ni rahisi kusahaulika, au kuchomwa ndani kabisa ukabana.

Kabla ya skana, toa habari ya figo (kreatinini), mzio na mimba. Ukimaliza, omba picha zote kwenye diski. Ripoti ya ukurasa mmoja haimtoshi daktari wa huko. Anataka kuona midomo mwenyewe.

Hatua ya 5: Dawa ya kuzuia damu kuganda ("dawa ya damu"). Usiisimamishe mwenyewe kwa sababu ya safari. Daktari atakayechoma ndiye anayeamua.

Maswali ya wanachama

*Kadutu:* Muganga, papa yangu wameandika ana mishipa mitano. Ni ugonjwa?

Hapana, mama. Alizaliwa nayo hivyo, na peke yake haihitaji dawa. Ni habari ya kumpa anayechoma, basi.

*Bagira:* Yaya yangu anakunywa warfarini. Sombe (kisamvu) aache?

Asiache. Majani ya kijani hupunguza nguvu ya warfarini, basi tatizo ni kula sahani mbili leo, halafu wiki nzima asiiguse, lengalenga (mchicha) vilevile. Ale kwa kiasi kilekile, apime INR, kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda. Kwa kawaida tunaitaka kati ya 2 na 3. Kasiksi (pombe ya ndizi), hiyo ndiyo ningemwomba aipunguze: pombe inaamsha ugonjwa huu.

*Ibanda:* Mama alichomwa mwezi uliopita, jana moyo umeanza tena. Pesa imepotea?

Bado mapema, ndugu yangu. Miezi 2 hadi 3 ya kwanza kovu linapona na moyo unaweza kuruka-ruka; mjulishe daktari, na dawa ya damu iendelee. Kikohozi kisichoisha, kukosa pumzi au kukohoa damu ni habari nyingine: huenda mshipa umebana, skana irudiwe. Na akipata homa, maumivu ya kumeza au udhaifu wa upande mmoja wiki hizi, mkimbize hospitali leo hii. Waambieni alichomwa moyo, wapige skana ya kifua, wala wasimwingize mpira wa kamera kooni.

*Ibanda:* Aksanti, muganga. Homa hana.