Kubadilisha akiba ya shilingi kabla ya kuhamia Muscat

Anayehamia Muscat kutoka Tanzania ana nafuu moja: tangu mwaka 1986 riali ya Oman imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa kiwango kisichobadilika, ambapo riali moja ni sawa na dola 2.6. Bei inayopanda na kushuka, basi, ni ya shilingi kwa dola, na hiyo ndiyo ya kuifuatilia miezi ya kabla ya safari. Akiba ikishakuwa dola, hakuna haraka ya kuigeuza riali.

Benki na maduka ya kubadilishia fedha hutaja bei mbili, na inayokuhusu ni bei ya kuuza, yaani ile unayouziwa dola. Tuseme duka linanunua dola kwa shilingi 2,600 na kuiuza kwa 2,650: milioni kumi zako zitakupa dola 3,773, ilhali kwa bei ya katikati ungepata 3,809. Hizo dola 36 ni malipo ya duka, hata kama ubao wake umeandikwa kwamba hakuna makato.

Yapo maduka, hasa Zanzibar, yanayouza riali moja kwa moja. Si vibaya, ila gawanya kwanza bei ya riali kwa 2.6, kisha linganisha jibu na bei ya dola iliyo kwenye ubao uleule. Ukitajiwa shilingi 7,150, jibu ni 2,750, yaani kila dola umeongezewa shilingi mia. Hapo chukua dola. Muscat utazibadilisha kwa baisa 384 hivi kila moja (baisa elfu moja ni riali moja), na anayekupa 380 hajakuonea.

Fedha nyingi ni heri zikae katika akaunti ya dola hapa nyumbani, uzihamishe kwa benki ukishapata kadi ya ukaazi na akaunti kule, baada ya kuuliza makato ya benki inayotuma na ya zile zinazopitisha. Taslimu beba ya kukufikisha mwisho wa mwezi wa kwanza, kwa noti za mia za toleo jipya, zisizochanika wala kuandikwa, kwa kuwa chakavu hukataliwa au hupunguzwa bei. Zikifika dola 10,000, zitolee taarifa forodhani unapotoka.

Ikiwa bado unalipa ada ya watoto au mkopo kwa shilingi, kiasi hicho kiache kilivyo, maana kukigeuza dola na kukirudisha ni kulilipa duka mara mbili.