Jinsi ya kupima masi ya nyota pacha changa, mfano T Tauri

Nyota huwezi kuiweka kwenye mizani, unaipima kwa kuangalia inavyomvuta mwenzake. Ndo maana mi nazipenda sana pacha changa, yani nyota mbili zinazozungukana, za umri wa miaka milioni chache tu, kwa sababu modeli za kompyuta zinabishana mno kuhusu nyota za umri huo na ukishapata masi halisi unajua ipi inadanganya.

Chukua T Tauri, iko kundinyota la Ng'ombe, humo humo kilipo Kilimia. Kwa mwanga wa kawaida unaona nyota moja, ila ukiingia infraredi (mwanga ambao jicho halioni) inatokea nyingine kusini yake, kama 0.7 sekunde ya tao hivi (sekunde ya tao ni digrii moja ukiigawa kwa 3600), na hiyo ya kusini nayo ni mbili, Sa na Sb. Hizo ndo tunapima.

Piga picha kila mwaka kwa darubini kubwa kama Keck ya Hawaii, kioo mita 10, yenye kile kioo kidogo kinachojikunja mara mamia kwa sekunde kufuta mtikisiko wa hewa. Kila picha pima vitu viwili, umbali kati yao na pembe kutoka kaskazini. Hapa usikimbilie kabisa!! Kaskazini ya kamera sio kaskazini ya anga, kwa hiyo usiku huo huo piga pia kundi la nyota ambazo nafasi zake zinajulikana vizuri ndo usahihishe, la sivyo miaka kumi ya kazi inapinda.

Halafu chora duaradufu, ndo umbo la obiti yao, ipite kwenye nukta zako. Ukiwa na kipande kifupi tu cha obiti usitangaze chochote, duaradufu nyingi zitakaa hapo vizuri tu.

Sasa hesabu. Sa na Sb wanazungukana kwa karibu miaka 27, nusu ya mhimili mrefu wa duaradufu yao ni kama milisekunde 83 za tao, yani sekunde 0.083, umbali kutoka kwetu ni parseki 148 (parseki moja ni miaka ya nuru 3.26), zidisha 0.083 kwa 148 unapata AU 12.3 (AU moja ni umbali wa Dunia na Jua). Ipandishe kipeo cha tatu, gawa kwa 27 mara 27, inakuja kama 2.55, yani masi ya wote wawili ni Jua mbili na nusu hivi. Ila umbali nao umepanda kipeo cha tatu, ukikosea asilimia 2 masi inakosea 6, kwa hiyo kipimo cha umbali kitafute kilicho bora kuliko vyote.

Kuwagawanya, pima kila mmoja anavyosogea ukilinganisha na ile nyota ya kaskazini, anayeyumba kidogo ndo mzito. Sa anabeba takriban 2, Sb kama 0.4.