Bunduki ya hewa ya springi ya zamani: pima nguvu kwanza ndo ufungue

Wakuu, kama umeachiwa na mzee bunduki ya hewa ya zamani, iwe Diana ya Mjerumani au BSA na Webley za Muingereza, na risasi inachoka kabla ya kufika kwenye kopo, najua wazo la kwanza ni kutafuta springi kali zaidi. Liache kwanza hilo. Mara nyingi tatizo ni hewa inavuja, na kwa mwinuko wetu huku Mbeya springi kali inaimaliza bunduki mapema. Na kabla ya kushika bisibisi pita polisi uhakikishe umiliki wako uko sawa, usidanganywe eti ya hewa sio silaha.

Kwanza ujue ilitoka kiwandani na nguvu gani. Ukiona alama ya F ndani ya pembe tano, hiyo ilitengenezwa kwa soko la Ujerumani isizidi joule 7.5, kwa hiyo usiilazimishe ipige kama nyingine. Uingereza mpaka wao wa bunduki ya hewa ya kawaida ni joule 16 na kidogo, ila nyingi za zamani zilikuwa chini ya hapo tangu zikiwa mpya. Hesabu yake ni rahisi: uzito wa risasi kwa kilo, zidisha kwa kasi, zidisha tena kwa kasi, gawa kwa mbili. Risasi ya 4.5 mm yenye gramu 0.53 ikitoka na mita 175 kwa sekunde inakupa kama joule 8, na hiyo inatosha kabisa kulenga makopo.

Kasi inapimwa na kronografu. Kama hamna, chukua mche wa sabuni, weka mbele ya ndoo iliyojaa mchanga, vaa miwani, piga risasi tano za aina moja kutoka mita 5 halafu pima kina cha kila tundu kwa njiti. Haikupi joule ila inakupa pa kulinganishia kabla na baada, mradi sabuni iwe ileile na isikae siku nyingi ikakauka. Angalia pia matundu yanavyopishana, yakiwa moja refu moja fupi anza kushuku washa (kile kizibo cha ngozi au mpira kinachozuia hewa isivuje), yote yakiwa mafupi sawasawa hapo springi nayo inaweza kuwa imechoka.

Sasa hili la mwinuko ndo watu wengi hawalifikirii. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni karibu moja ya tano pungufu ukilinganisha na Dar. Bunduki ya springi haina mtungi, inategemea hewa iliyomo kwenye silinda muda huohuo, pistoni inakuja kwa kasi inaibana hewa, na hewa hiyohiyo ndo inaisukuma risasi na ndo inakuwa mto wa kuizuia pistoni isigonge ukuta wa mbele. Hewa ikiwa pungufu nguvu inashuka na mto unakuwa mwembamba, ndo maana bunduki ileile ukishuka nayo Kyela inapiga vizuri kuliko ikiwa Uyole. Ukiweka springi kali huku juu pistoni inagonga chuma, washa inapasuka, skrubu za kitako zinalegea na shabaha inapotea. Risasi nyepesi sana nayo inaleta shida hiyohiyo kwa sababu inatoka kabla mto haujajengeka, kwa hiyo tumia ya uzito wa kati.

Anza na washa ya kwenye maungio ya mtutu. Weka risasi, laza kipande cha tishu juu ya maungio, lenga mchangani ufyatue, tishu ikiruka inavuja, badilisha. Halafu washa ya pistoni, nyingi za zamani ni ya ngozi na ngozi ikikauka haibani. Kunja mtutu kidogo kama unapakia, ila bila kukoki, tia matone mawili matatu ya mafuta mepesi kwenye kitundu cha hewa, simamisha bunduki kitako chini mpaka kesho yake. Risasi za mwanzo zitatoa moshi kidogo, ila ikilia kama baruti mafuta ni mengi yanawaka ndani, na hiyo inavunja springi.

Ngozi ikiwa imekufa kabisa nenda Mwanjelwa kwa fundi viatu, chukua ngozi ya ng'ombe nene kama milimita 3, loweka maji ya vuguvugu, ikandamize ndani ya bomba lenye kipenyo sawa na silinda mpaka ipate umbo la kikombe, ikauke kivulini, kata ukingo taratibu kwa wembe halafu iloweke mafuta. Ikiingia inatakiwa isuguane kidogo na ukuta, ikiteleza tu bila kushika ni ndogo.

Kufungua springi usifanye kwa mikono mitupu. Hata ikiwa haijakokiwa imebanwa humo ndani, HW35 ya Weihrauch (nayo ya Mjerumani) mfuniko wa nyuma unazungushwa, Diana nyingi zimeshikwa na pini, zote bana na klempu ndefu ya seremala ndo uachie polepole. Springi ikitoka ibiringishe kwenye kioo, ikiyumba imepinda, tafuta ya kiwango kilekile cha kiwandani. Kama inatetemeka ndani ya pistoni mpe fundi wa leithi akuchongee mwongozo wa nailoni, kile kijiti kinachokaa ndani ya springi, uliokaza kidogo, hapo bunduki inatulia sana. Grisi paka nyembamba, maana baridi ya Juni na Julai ya Makete na Njombe inagandisha grisi nzito na nguvu inashuka tena.

Usifyatue bila risasi, na ukipakia shikilia mtutu muda wote, ukijirudia wenyewe unakata kidole. Ukimaliza rudi kwenye sabuni, matundu yakiwa yanalingana acha hapohapo hata kama hayajawa marefu sana.