Jinsi ya kutumia ejenti wa AI kufuatilia mzigo kutoka China mpaka stoo

Kama unaagiza mzigo China au Uturuki na kuuza jumla Kariakoo, mara nyingi kinachokuumiza sio mtaji, ni taarifa. Bei ipo WeChat kwa saplaya, invoisi ipo kwenye imeili, tarehe ya meli anayo mtu wa kliringi, stoku ipo kwenye daftari la kijana wa stoo, kila mmoja ana kipande chake na hakuna anayeuona mzigo mzima. Ejenti wa AI, yaani programu inayosoma meseji na mafaili yenyewe na kufanya kazi uliyoipangia, anaweza kuviunganisha hivyo vipande. Ila mwanzoni mpe kusoma na kulinganisha tu, kuagiza na kulipa baki nako wewe.

Anza na jedwali moja, Google Sheets inatosha kabisa. Kila oda mstari wake: bidhaa, idadi, namba ya kontena, tarehe ya kufika, na safu moja ambayo wengi wanairuka, "imetoka wapi". Hapo ejenti aweke linki ya meseji au faili alikoitoa hiyo namba. Hizi AI zikikosa jibu huwa zinatunga, tena kwa kujiamini, kwa hiyo mwandikie wazi: usipoiona acha wazi, usikisie.

Halafu mpe kazi ya kulinganisha karatasi tatu: oda yako, invoisi na pakingi listi (orodha ya vilivyofungwa kwenye mzigo). Tuseme uliagiza katoni 300 za swichi na pakingi listi inasema 280, unatakiwa ujue hapo hapo kabla hujamalizia malipo, maana ukishalipa yote hata meseji zako zinajibiwa kwa kuchelewa.

Namba ya kontena usimwachie AI aihakiki kwa macho, weka fomula. Ina herufi 4 na tarakimu 7, na ile tarakimu ya mwisho inapatikana kwa hesabu ya zilizotangulia. CSQU3054383 iko sawa, lakini mtu akigeuza 5 na 4 ikawa CSQU3045383 hesabu inagoma pale pale (ya mwisho ingetakiwa iwe 1), nawe hujapoteza siku unafuatilia kontena lisilokuwepo.

Ejenti wa pili awe wa stoku, akuambie lini uagize tena. Hesabu yake: mauzo ya siku mara siku za mzigo kufika, jumlisha akiba. Unauza katoni 12 kwa siku, mzigo unachukua siku 50, akiba 150, basi stoku ikishuka mpaka katoni 750 akushtue. Hizo siku 50 azisome kwenye safari zako za karibuni, usimwandikie namba ya kudumu, si mnakumbuka mwisho wa 2023 meli zilivyoanza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, safari ikarefuka, mwenye mzigo wa Uturuki aliyebaki na hesabu za zamani angekaukiwa. Na mauzo ayachukue kwenye risiti za kaunta, sio kwenye oda za wateja wa jumla. Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, alishaonyesha mwaka 1961 kwamba kila ngazi ikiangalia oda za ngazi ya mbele yake tu, badiliko dogo dukani linafika kiwandani limeshavimba, na ejenti ukimlisha oda atakuvimbishia kwa kasi zaidi, utajikuta na stoo imejaa mzigo wa sikukuu mwezi wa pili.

Na hili naomba mlizingatie sana: ikija imeili inayosema "tumebadilisha akaunti ya benki", ejenti asibadilishe chochote kwenye jedwali, akupe taarifa tu na wewe umpigie saplaya kwa ile namba yako ya siku zote, sio iliyoandikwa kwenye hiyo imeili.