Karanga mbovu ulizochambua zinaishia wapi?

Msimu uliopita nilikaa kibarazani kwa mkulima mmoja wa Kongwa, mama mtu mzima, tukichambua karanga kwenye ungo. Kazi alikuwa anaijua. Zilizosinyaa aliziweka kando, na zenye ukungu wa kijani, zilizopasuka na zilizogeuka rangi nazo pia. Gunia la kuuza likabaki safi kabisa. Nilipoinuka kuaga, nikamwona anazimimina zile mbovu kwenye ndoo na kuifunika. Nikamuuliza za nini.

"Hizi hazitupwi, bwana shamba. Zinasagwa, tunachanganya kwenye unga wa uji wa wajukuu."

Alizitoa ili mnunuzi asilikatae gunia, na bila kujua akawa amemkusanyia mjukuu sehemu kubwa ya sumu ya gunia. Simlaumu. Sisi maafisa ugani tumehubiri uchambuzi miaka mingi, lakini ni wachache kati yetu tuliowahi kusema lile chambuzi, yaani zile mbovu zilizotolewa, liende wapi.

Sumu hiyo inaitwa sumukuvu (aflatoksini), na hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi, karanga na mazao mengine, hasa pale mmea ulipokumbwa na ukame mwishoni mwa msimu au zao lilipokaa na unyevu baada ya kuvunwa. Haina ladha wala harufu. Kuchemsha uji hakuiui, kukaanga karanga kunaipunguza bila kuimaliza, na kuchachusha pombe hakuimalizi. Huharibu ini, na kwa anayeila kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Ikiliwa nyingi kwa muda mfupi inaua. Kenya mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo ya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi ya nyumbani. Kwetu Dodoma na Manyara mwaka 2016 waliugua 68, wakafa 20. Wengi walikuwa wanakula walichokivuna wenyewe, chakula ambacho hakijawahi kupita mbele ya mkaguzi yeyote.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni, yaani mikrogramu 10 kwa kilo. Tufanye hesabu. Gunia la kilo 100 linaruhusiwa kuwa na miligramu moja tu ya sumu. Sasa, wataalamu wamewahi kupima punje mojamoja za karanga zilizooza wakakuta nyingine zimefika sehemu milioni moja kwa bilioni. Punje ya namna hiyo yenye uzito wa nusu gramu inabeba nusu miligramu. Mbili zikiingia, gunia zima limefika mpaka wa sheria; ya tatu inalivusha. Ndiyo maana uchambuzi una nguvu: sumu haikuenea sawasawa, imejikusanya kwenye punje chache mbovu. Na ndiyo maana ndoo ile inatisha kuliko gunia zima.

Dunia yenyewe iliifahamu sumu hii kupitia malisho. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na chanzo kikaja kuonekana kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa. Ukikamua karanga mbovu, sumu nyingi hubaki kwenye mashudu. Ukikoboa mahindi, nyingi huenda na pumba. Ng'ombe wa maziwa akilishwa hayo, sehemu ya sumu humpitia na kutoka kwenye maziwa anayokunywa mtoto yuleyule. Kuku wa mayai naye hudhoofika na utagaji hushuka. Kwa hiyo "nitawapa mifugo" halihesabiki kuwa ni kutupa.

Tanzania kazi ya usalama wa chakula iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019, na unga wa lishe unaouzwa kwenye pakiti unatakiwa uwe umepimwa. Machi 2021 tuliona pia nguvu ya kiwango mpakani: Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, malori yakakwama Namanga, na zuio lilipoondolewa siku chache baadaye likaja sharti la cheti kuonyesha sumukuvu haijazidi zile sehemu 10 kwa bilioni. Sheria hizo ni nzuri, na mimi ningependa zikazwe zaidi kwa wasindikaji wa uji wa watoto. Lakini mkaguzi anaishia kwenye ghala na kiwanda. Mashine ya kijijini inasaga chochote ilicholetewa. Anayenunua karanga za bei ya kutupa ili atengeneze unga wa lishe ananunua, mara nyingi, chambuzi la mtu mwingine. Kama wewe ni msindikaji, bei ikiwa ndogo mno uliza kwanza zimetoka kwenye rundo lipi, la safi au la mbovu. Na unapopeleka sampuli kupimwa usichote kiganja kimoja juu ya gunia. Piga bambo, kile chuma cha kuchomea gunia na kutoa sampuli, juu, katikati na chini, kwenye magunia mengi, changanya, saga, ndipo upime. Kiganja kimoja kinaweza kutoka safi huku punje mbaya imelala chini.

Shambani mambo mengi mnayajua. Vuna kwa wakati, anika juu ya turubai na si ardhini, usipige mahindi kwa fimbo hadi yapasuke. Penye shida kubwa, Aflasafe iliyosajiliwa hapa nchini, yaani punje zenye kuvu wasio na sumu wanaowazidi nguvu wale wenye sumu, hutupwa kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua, udongo ukiwa na unyevu.

Lipo moja ambalo sina budi kulikazia: usilowanishe karanga ili zibanguke kirahisi. Najua vidole vinauma, najua kazi hii inawaangukia kina mama na watoto. Lakini ukishamwagia maji karanga zilizokuwa zimekauka vizuri, umewafungulia kuvu mlango, na siku mbili ndani ya gunia zinatosha kuharibu kazi ya msimu. Kikundi kinaweza kuchangishana kununua mashine ya mkono ya kubangulia.

Kupima ukavu, weka chumvi kavu kidogo na nafaka kwenye chupa kavu ya kioo, funika, tikisa, iache dakika chache. Chumvi ikigandia kwenye kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15. Isipoganda usishangilie, maana mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yashuke hadi asilimia 13.5. Anika siku moja au mbili zaidi, ndipo uyaweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa.

Sasa tuirudie ndoo. Chimba shimo la kwenda chini kiasi cha futi tatu, mbali na kisima na mbali na kuku wanapochakura. Funga kitambaa puani, vumbi lake si la kuvuta. Mimina, fukia, shindilia. Itauma, hasa mwaka wa njaa, kufukia kilo kadhaa za kitu ulichokilima kwa jembe. Yule mama naye aliiangalia ndoo yake kwa muda mrefu. Kisha akamwita kijana wake alete sururu.