Kufungua na kutumia akaunti ya benki ugenini: karatasi, makato na mitego

Katika nchi uliyokulia benki ina njia nyingi za kukutambua. Ugenini inazo karatasi zako tu. Ndiyo maana matatizo mengi ya wageni benkini hayatokani na uhaba wa fedha, bali na karatasi zinazopingana: jina liko hivi kwenye pasipoti na vile kwenye mkataba wa nyumba, anwani ya zamani bado imo kwenye mfumo, kibali cha ukaazi kimeisha na benki haijaona kipya. Ukizipanga karatasi mapema, kuchagua benki kunabaki kuwa kazi nyepesi.

Anza na matumizi, si na jina la benki

Jiulize akaunti itakufanyia nini. Kwa wengi kazi ni tatu: kupokea mshahara au fedha za masomo, kulipa pango na bili, na kutuma fedha nje ya nchi. Benki nzuri kwa kazi mbili za kwanza mara nyingi ni ghali kwa ya tatu, na si lazima zote zifanyike mahali pamoja. Mpango unaowafaa wageni wengi ni benki ya kawaida ya nchini kwa mshahara na pango, na kampuni ya kutuma fedha yenye leseni kwa fedha zinazotoka nje.

Unapolinganisha benki, usiishie kwenye ada ya mwezi. Uliza sharti la kusamehewa ada hiyo, kwa sababu mara nyingi lipo: mshahara uingie kila mwezi, au salio lisishuke chini ya kiwango fulani, au uwe mwanafunzi chini ya umri uliowekwa. Uliza makato ya kutoa fedha kwenye mashine ya benki nyingine, makato ya kadi ikitumika nje ya nchi, na kama kufunga akaunti kunalipiwa. Swali moja ambalo wageni wengi hulisahau ni hili: kibali changu kikikaribia kuisha, mtaifanya nini akaunti yangu? Jibu litakuonyesha kama benki hiyo imezoea wageni.

Tawi lililo karibu lina thamani kubwa kwa mgeni kuliko kwa mwenyeji. Benki za kwenye simu hufungua akaunti kwa dakika chache, lakini mfumo ukiikataa picha ya kitambulisho chako, huna meza ya kwenda kukaa mbele ya mtu akaikagua kwa macho yake. Ukiweza, akaunti yako kuu iwe ya benki yenye tawi, na ya simu iwe ya ziada.

Hakikisha pia kwamba fedha zako zina bima ya amana, yaani bima inayokulipa benki ikifilisika. Katika Umoja wa Ulaya bima hiyo hulipa hadi euro 100,000 kwa kila mteja katika kila benki. Marekani, shirika la serikali la bima ya amana, FDIC, hulipa hadi dola 250,000. Angalia leseni, usiangalie nembo: benki mbili zenye majina tofauti zikiwa chini ya leseni moja, amana zako huhesabiwa pamoja. Pochi nyingi za kwenye simu si benki. Fedha zako hutengwa kando na za kampuni, lakini hazina bima ya amana, kwa hiyo hapo si mahali pa kuweka akiba ya mwaka mzima.

Karatasi

Kwa kawaida utaombwa pasipoti, kibali cha ukaazi au viza ya muda mrefu, uthibitisho wa anwani, namba ya mlipakodi, na ushahidi wa mahali fedha zitakapotoka, yaani mkataba wa kazi, barua ya chuo au ya mfadhili. Peleka nakala halisi pamoja na vivuli vyake. Karatasi iliyo katika lugha isiyosomeka pale ipeleke na tafsiri ya mfasiri anayetambuliwa na mamlaka za nchi hiyo.

Jina lina shughuli yake. Fungua ukurasa wa picha kwenye pasipoti, tazama mistari miwili ya herufi na alama iliyo chini. Kila mstari una nafasi 44. Kwenye mstari wa juu, baada ya herufi tatu za nchi iliyotoa pasipoti, linaanza jina la ukoo, kisha alama mbili za << halafu majina mengine. Mashine ya benki husoma hapo, haisomi unavyojitambulisha. Mwenye majina matatu ambayo pasipoti imeyaweka yote upande wa ukoo ataitwa hivyo na benki, naye akimpa mwajiri majina mawili tu, mshahara unaweza kurudishwa au kukwama. Kwa hiyo jina liandikwe kama lilivyo kwenye mstari huo, kwa mpangilio huohuo, kwenye mkataba wa kazi, mkataba wa nyumba na fomu ya benki. Kosa likiwa limeshaingia, lirekebishe kabla fedha hazijaanza kuingia, wakati bado ni suala la fomu moja.

Anwani ndiyo inayowakwamisha wengi. Mwenye nyumba anataka akaunti, benki inataka anwani. Njia za kutokea zipo. Barua ya mwajiri au chuo inayotaja makazi yako hukubaliwa na benki nyingi. Nchi ambazo mkaazi hujiandikisha kwenye ofisi ya mtaa au manispaa hutoa hati ya usajili, na hiyo ina nguvu kuliko bili ya umeme. Barua kutoka ofisi ya kodi, ikishafika kwa jina lako na anwani yako, nayo ni uthibitisho. Benki nyingi hutaka karatasi isiyozidi miezi 3, kwa hiyo usiombe mapema mno.

Utajaza pia fomu inayouliza wewe ni mlipakodi wa nchi gani. Wageni wengi huandika uraia wao, na hapo hukosea. Kinachoulizwa ni ukaazi wa kikodi, ambao kwa kawaida hufuata mahali unapoishi. Fomu hiyo ipo kwa sababu nchi zaidi ya 100 hubadilishana taarifa za akaunti chini ya utaratibu ulioandaliwa mwaka 2014 na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo. Raia wa Marekani wana hali ya peke yao: sheria ya FATCA ya mwaka 2010 huzitaka benki za nje ziwaripoti popote wanapoishi, na baadhi ya benki huwakataa ili kukwepa kazi hiyo. Kuificha pasipoti ya Marekani kwenye fomu kunaweza kukugharimu akaunti.

Ukikataliwa

Omba sababu kwa maandishi. Katika Umoja wa Ulaya, agizo namba 92 la mwaka 2014 linampa mtu yeyote anayeishi humo kihalali haki ya akaunti ya msingi, hata akiwa hana anwani ya kudumu au ni mwomba hifadhi. Benki ina siku 10 za kazi kujibu baada ya kupokea maombi yaliyokamilika, na ikikataa ni lazima ieleze sababu, isipokuwa pale sheria inapoizuia. Wahudumu wengine hawaijui haki hiyo. Itaje kwa jina, akaunti ya msingi, na uombe fomu yake.

Kwingine kikwazo ni muda. Japani, kwa mfano, mgeni ambaye hajatimiza miezi 6 na hana kazi nchini huhesabiwa kisheria kuwa si mkaazi, na benki nyingi humpa huduma pungufu au humwambia arudi baadaye. Katika hali kama hiyo barua ya mwajiri ina uzito kuliko maombi ya kurudia. Na kukataliwa tawi moja si kukataliwa na benki nzima. Tawi lililo karibu na chuo au kiwanda kinachoajiri wageni huwa na wahudumu waliokwisha kuona vibali vya kila aina.

Wiki za kwanza

Sahihi unayoweka siku ya kwanza ndiyo itakayolinganishwa baadaye, kwa hiyo iwe ile ya kwenye pasipoti. Kabla ya kumpa mwajiri namba ya akaunti, inakili kutoka kwenye programu ya benki badala ya kuiandika kwa mkono. Namba za mfumo wa IBAN, yaani namba za akaunti za kimataifa, huanza na herufi mbili za nchi, zikifuatwa na tarakimu mbili za ukaguzi. Ukikosea herufi moja katikati, hesabu haikubali na malipo hukataliwa papo hapo. Tatizo ni namba sahihi lakini ya mtu mwingine: hiyo hupita ukaguzi huo. Tangu Oktoba 2025 benki za nchi zinazotumia euro zinatakiwa kulinganisha jina na namba kabla ya kutuma. Kwingineko huenda hakuna anayelinganisha. Tuma kiasi kidogo kwanza, thibitisha kimefika, ndipo utume kilichobaki.

Pango na bili za kila mwezi ziwekee agizo la kudumu, yaani benki ilipe yenyewe kila mwezi, siku mbili au tatu baada ya tarehe ya mshahara, kwa sababu mwisho wa juma na sikukuu huchelewesha malipo. Bili moja ikikosa salio inaweza kuzaa faini mbili, ya benki na ya anayekudai. Uliza pia kama akaunti inakuruhusu kutoa zaidi ya salio. Huo ni mkopo wenye riba kubwa, na wakati mwingine huwashwa bila wewe kuuomba. Kama huuhitaji, uzimwe. Kwa bili ambazo kampuni inajichotea yenyewe kwa mfumo wa euro, una wiki 8 za kurudishiwa fedha bila kueleza sababu, na miezi 13 kama hukuwahi kutoa idhini. Pitia taarifa ya akaunti kila mwezi ili muda huo usikupite.

Kutuma fedha nje

Tangazo la "bila ada" lisikushibishe. Gharama kubwa hujificha kwenye kiwango cha kubadilisha fedha. Tuseme unatuma 500, na sokoni kila 1 ni sawa na 100 ya nchi inayopokea. Kampuni ya kwanza haitozi ada lakini inabadilisha kwa 97: zinafika 48,500. Ya pili inatoza 8 na kubadilisha kwa 99.5: zinafika 48,954. Swali la kuuliza ni moja tu: zitafika ngapi mkononi?

Benki inapotumia SWIFT, mtandao unaounganisha benki za nchi mbalimbali, fedha zinaweza kupita kwenye benki moja au mbili za kati, na kila moja ikakata chake. Kwenye fomu utaona OUR, SHA au BEN. OUR ni wewe kubeba makato yote, SHA ni kugawana, BEN ni kumwachia mpokeaji. Kwa ada ya shule au malipo yoyote yanayotakiwa kufika kamili, chagua OUR. Malipo yakipotea njiani, iombe benki hati ya malipo ya SWIFT (hadi Novemba 2025 iliitwa MT103) au rejea ya ufuatiliaji. Kwa kutumia hati hiyo, benki inayopokea inaweza kuyatafuta malipo.

Kadi nayo ina mtego wake. Mashine ikikuuliza ulipie kwa fedha ya nchi ya kadi yako au ya nchi uliyopo, chagua ya nchi uliyopo. Ukichagua nyingine, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango, na hakipangi kwa faida yako.

Yanayofungia akaunti

Fedha nyingi zikiingia ghafla, benki itauliza zimetoka wapi. Weka tayari mkataba wa mauzo, hati za mshahara au barua ya urithi. Usizigawe vipande vidogo ili zisionekane. Marekani kugawa fedha taslimu ili kukwepa taarifa ambayo benki hutoa serikalini kwa fedha taslimu zinazozidi dola 10,000 ni kosa la jinai lenyewe, hata fedha zikiwa halali, na mifumo ya benki kwingineko imejengwa kuutambua mtindo huohuo.

Usikubali kamwe fedha za mtu mwingine zipitie kwako, hata akiwa rafiki, hata akiahidi kukuachia kidogo. Wageni na wanafunzi ndio wanaotafutwa kwa kazi hii, kwa kuwa ni wapya na wana shida. Fedha hizo mara nyingi zimeibwa kwa mtu. Njia inapofuatiliwa, jina linaloonekana ni lako: akaunti hufungwa, benki nyingine hupata taarifa, na kesi ya utakatishaji fedha inaweza kukufukuzisha nchini. Kuuza kadi na akaunti siku unapoondoka ni jambo hilohilo.

Kibali kikikaribia kuisha, usingoje kipya kitoke. Peleka benki stakabadhi ya maombi ya kuongeza muda kabla ya tarehe ya mwisho, na uombe iwekwe kwenye faili lako. Ukihama nyumba, badilisha anwani benki wiki hiyohiyo. Barua ya onyo iliyokwenda anwani ya zamani inaweza kuhesabika kuwa umeipata. Laini ya simu ndiyo inayopokea namba za uthibitisho, hivyo usiiache izimike kabla ya kusajili mpya. Kadi ya pili ya benki tofauti iache nyumbani, si kwenye pochi moja na ya kwanza.

Unapoondoka

Akaunti isifungwe siku ya safari. Mshahara wa mwisho, dhamana ya nyumba na marejesho ya kodi huweza kuja miezi kadhaa baadaye, na fedha zinazokuta akaunti iliyofungwa hurudi zilikotoka. Iarifu benki kuhusu anwani mpya na ukaazi mpya wa kikodi, kwa kuwa baadhi ya benki haziruhusu asiye mkaazi kubaki mteja. Pakua taarifa za akaunti za miaka yote uliyokaa, maana ukishafungiwa programu huzipati kirahisi, na ofisi ya kodi au ya viza inaweza kuziomba. Futa maagizo ya kudumu, hamisha salio, kisha omba kufungwa kwa maandishi na usubiri barua inayosema salio ni sifuri na akaunti imefungwa. Bila barua hiyo ada ya mwezi inaweza kuendelea kukatwa hadi likawa deni kwa jina lako.