Zoezi la Dharura Kiwandani: Chukua Hesabu ya Jeshi, Acha Makelele

Tangu nivue gwanda na kuingia kazi ya usalama kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, mabosi hawaachi kuniomba kitu kimoja: "Afande, tunyooshee hawa watu." Wanachokiwaza ni mguu sawa, kufoka na pushapu. Hayo yabaki kambini. Kibarua aliyedamka Buhongwa kuwahi daladala hahitaji kufokewa ndipo aukimbie moto. Cha kuazima jeshini ni kuhesabu watu. Hata kuruta wa wiki ya kwanza JKT anajua kwamba paredi haivunjwi mpaka idadi ikubali, na aliyepungua ajulikane yuko wapi.

Kwa hiyo anza na idadi, kabla hujanunua king'ora. Wagawe watu wa zamu katika seksheni za watu wanane hadi kumi, kufuata kazi zao: mapokezi, wakata minofu, wafungashaji, chumba cha baridi, mafundi. Wakizidi hapo mtu mmoja hawezi kuwashika wote kwa macho. Kila seksheni iwe na kiongozi na msaidizi. Usimpe uongozi msimamizi kwa sababu tu ana kiti ofisini. Mpe yule asiyebanduka mezani pake, hata kama ni mama wa kukata minofu ambaye hajawahi kuongoza kitu.

Kazi kubwa iko kwa vibarua. Wakala anawaandika asubuhi, kufika saa sita mchana wengine wameshaondoka, mwingine ameingia kwa jina la ndugu yake, na daftari halina habari. Tafuta ubao, pigilia misumari, ning'iniza vibati vyenye namba. Anayeingia anachukua kibati na kukivaa shingoni, anayetoka anakirudisha. Msumari mtupu maana yake kuna mtu ndani. Ubao wenyewe uwe mwepesi, kwa sababu siku ya tukio mlinzi wa geti anatakiwa kuondoka nao kwapani.

Wakishakusanyika, kiongozi anatoa taarifa kwa mpangilio uleule kila mara: seksheni, idadi inayotakiwa, idadi iliyopo. "Minofu mbili, kumi, tisa." Halafu nani hayupo na alionekana wapi mara ya mwisho. Basi. Hadithi za nani alisukumwa na nani alipoteza kiatu zitasikilizwa baadaye. Na asirudi mtu ndani kumtafuta mwenzake. Taarifa hiyo ndiyo watakayoingia nayo waokoaji wenye mitungi ya hewa.

Sasa upepo, jambo ambalo ramani nyingi za ukutani zinalisahau. Viwanda vya samaki vinagandisha kwa amonia. Amonia huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, kwa hiyo bomba likitoboka inageuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hukimbilia penye unyevu: macho, koo, makwapa yenye jasho. Kwa kawaida ni nyepesi kuliko hewa, ila ikivuja ikiwa baridi sana hutambaa chini na haipandi upesi. Mvuvi yeyote wa Mwaloni Kirumba atakwambia kwamba mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka. Geti la kiwanda liko upande wa barabara, na kibao cha "Mkusanyiko" kimesimikwa hapohapo getini. Zamu ya mchana ikikusanyika pale inasubiri gesi iifuate.

Weka sehemu mbili za kukusanyika, pande tofauti. Funga kitambaa chepesi cha rangi kali juu ya mlingoti unaoonekana kutoka kila mlango, na umfundishe kila mtu kukitazama kabla hajachagua njia. Aliyekwisha kuingia kwenye harufu asishindane nayo uso kwa uso: aukate upepo kwa ubavu mpaka harufu iishe, ndipo azunguke kwenda unakotokea. Jicho lililoguswa lioshwe kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, bila kusugua. Na dimbwi la amonia lisimwagiwe maji, kwani yanaichemsha zaidi.

Milango. Najua kwa nini inafungwa kwa kufuli: minofu inatoka kwenye gambuti, na mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, bei yake kwa kilo inaipita minofu kwa mbali. Lakini mlango wa dharura wenye kufuli ni ukuta. Tumia komeo la kusukuma kwa ndani lenye kengele, na lakiri ya plastiki yenye namba inayokatika mtu akisukuma. Mwizi atajulikana kwa lakiri iliyokatika.

Zoezi lenyewe lipande ngazi kwa ngazi. Mara ya kwanza watu watembee tu, taratibu, wakionyeshwa milango. Kisha lifanyike kwa king'ora huku wameambiwa siku. Kisha bila kuambiwa, tena zamu ya usiku. Wakizoea, wachomolee kiongozi: mshike bega unong'one, "Wewe umeanguka, kaa hapa." Hapo ndipo utajua kama msaidizi ni msaidizi au ni jina kwenye karatasi. Kwa mafundi wa kompresa fundisha ishara za mikono, maana mle ndani sauti haifiki.

Mtu mmoja awe na kazi moja tu: kupiga 114 kwa Zimamoto. Mwingine akasimame barabarani kuwaelekeza. Dakika kabla hawajafika ni zenu. Ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 kati ya 43 walipona. Kwenye gati lenu basi, maboya yaning'inie wazi, si stoo.

Baada ya zoezi kaeni palepale, gambuti zikiwa bado na maji. Jeshi la Marekani limeshikilia maswali manne tangu miaka ya 1970, na hata huku yanafaa: tulikusudia nini, kimetokea nini, kwa nini, tufanye nini. Anayeanza kusema awe wa cheo cha chini kabisa. Meneja akitangulia, wote watakubaliana naye. Asiadhibiwe aliyechelewa kutoka, la sivyo zoezi lijalo viongozi watakuletea idadi za uongo. Muulize tu kilichomkwamisha. Mara nyingi utakuta ni kreti zilizopangwa kwenye njia, na kreti zina mwenyewe: andika jina lake na tarehe ya kuziondoa, ubandike kantini.